Kuunganisha Kompyuta Mpakato na Kompyuta Ndogo Bila Waya

Kompyuta inayoenea katika kiganja cha mkono si jambo la ajabu tena. Tarehe 29 Februari 2012 ilianza kuuzwa kompyuta ya bamba moja iitwayo Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuwapatia vijana wa shule chombo cha bei nafuu cha kujifunzia uandishi wa programu. Bamba hilo linakaribia ukubwa wa kadi ya benki. Halina skrini, halina kibodi, wala halina kasha. Mtu aliyezoea kompyuta ya mezani akiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni kipande kilichochomolewa katika redio mbovu.

Hapo ndipo swali la makala haya linapozaliwa. Kompyuta isiyo na skrini wala kibodi itapewaje amri, na majibu yake yatasomwa wapi? Mtu aweza kununua skrini, lakini bei ya skrini huenda ikaizidi bei ya kompyuta yenyewe. Njia iliyo bora ni kuitumia kompyuta mpakato ambayo tayari ipo: skrini yake na kibodi yake ziazimwe na bamba hilo, na mazungumzo baina ya vyombo hivyo viwili yapite hewani kwa mawimbi ya redio. Tangu mwaka 2016, Raspberry Pi ya aina ya 3 ilipotolewa, bamba hili limekuwa na kipitishio na kipokezi cha redio ndani yake, kwa hiyo hapahitajiki kifaa kingine.

Ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari katika kata ya Mbangala, wilaya ya Songwe. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Mji wake ujulikanao zaidi ni Tunduma, ulio mpakani mwa Zambia kwenye barabara kuu na reli ya TAZARA, ambako simu yaweza kunasa mnara wa Tanzania asubuhi na wa Nakonde jioni bila mwenyewe kuhama nyumbani kwake. Mbangala iko mbali na pilikapilika hizo, kaskazini, upande wa Ziwa Rukwa, katika nchi ya dhahabu ya Lupa. Tuseme mwalimu wa fizikia wa shule hiyo ana kompyuta mpakato moja, ana kishikwambi kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na kisha kukabidhiwa walimu, na ana darasa la wanafunzi 45. Kitabu alichokipata mjini ni faili la megabaiti 40. Kila mwanafunzi akikipakua kwa intaneti, shule italipia megabaiti 1,800. Kikipakuliwa mara moja tu na kuwekwa katika kompyuta ndogo iliyo darasani, shule italipia megabaiti 40, na usomaji wote uliobaki hautagharimu hata senti moja. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya somo hili listahili vipindi viwili vya darasa.

Jambo hili limekwisha kutendwa nchini. Katika wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, shirika liitwalo Powering Potential liliweka katika shule za sekondari kompyuta za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, pamoja na maktaba ya kielimu isiyohitaji intaneti.

MAWIMBI YANAYOBEBA HABARI

Redio si ngeni katika elimu ya Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, waliokusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio. Lakini redio ya namna ile ilikuwa na mdomo mmoja na masikio mengi: msikilizaji hakuweza kumjibu mtangazaji. Katika mtandao usio na waya kila chombo kina mdomo na masikio. Mfumo wa kwanza wa kompyuta kuzungumza kwa redio kwa namna hiyo ulianza kazi katika visiwa vya Hawaii mwezi Juni 1971, kwa jina la ALOHA. Kanuni za mtandao ambao leo watu huuita waifai zilitangazwa mara ya kwanza mwaka 1997.

Waifai hutumia mawimbi ya sumakuumeme, jamaa moja na mwanga na mawimbi ya redio ya kawaida. Tofauti ni masafa tu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kituo cha redio cha masafa ya kilohezi 1,000 hurusha mawimbi ambayo kila moja lina urefu wa mita 300. Kituo cha FM cha megahezi 100 hurusha mawimbi ya mita 3. Waifai iliyomo katika Raspberry Pi 3 hutumia ukanda wa karibu megahezi 2,400 hadi 2,483. Kwa kuwa kasi ya mawimbi hayo ni mita milioni 300 kwa sekunde, wimbi la megahezi 2,437 lina urefu wa

300 ÷ 2,437 = mita 0.123

yaani sentimita 12.3, kiasi cha kalamu ya risasi iliyokwisha chongwa mara kadhaa. Ndiyo sababu antena yake yaweza kufichwa katika kona ya bamba, wakati antena ya redio ya mita 300 huhitaji mlingoti.

Ukanda huo umegawanywa katika chaneli. Chaneli ya 1 ina kitovu chake katika megahezi 2,412, na kila chaneli inayofuata huongezeka megahezi 5. Lakini mtandao mmoja huchukua upana wa karibu megahezi 20, kwa hiyo chaneli zinazopakana huingiliana kama watu wawili wanaozungumza kwa pamoja kwenye benchi moja. Chaneli 1, 6 na 11 zimeachana kwa megahezi 25, na hizo ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kuvurugana. Mahali kama Mbangala, ambapo huenda pasiwepo mtandao mwingine karibu, yoyote kati ya tatu hizo yafaa. Tunduma mjini, penye maduka na nyumba za wageni, mwalimu atafanya vizuri kuchunguza kwanza ipi haina msongamano.

Nguvu inayorushwa ni ndogo mno, aghalabu haizidi miliwati 100. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba mionzi hiyo itadhuru watoto. Yafaa waelezwe kwamba mawimbi haya hayana uwezo wa kung'oa elektroni katika atomu, kama yafanyavyo mawimbi ya eksirei, na kwamba mtu aliyekaa juani hupokea mnururisho mwingi zaidi kwa maelfu ya mara.

ANWANI ZA VYOMBO

Mawimbi pekee hayatoshi. Katika chumba chenye vyombo kumi, kila ujumbe huenda kwa wote. Kila chombo lazima kijue upi ni wake. Kwa hiyo kila kimoja hupewa anwani, ambayo ni namba ya biti 32 iliyoandikwa kwa mafungu manne, kwa mfano 10.42.0.1. Kila fungu ni biti 8, kwa hiyo ni namba kati ya 0 na 255. Anwani zote zinazoanza na 10, pamoja na zile zinazoanza na 192.168, zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba, shule au ofisi. Zaweza kutumika Mbangala na Mombasa kwa wakati mmoja bila ugomvi, kwani hazitoki nje.

Nani hugawa anwani hizo? Katika kila mtandao kipo chombo kimoja kinachofanya kazi ya balozi wa nyumba kumi. Mgeni anapofika humwendea na kuomba namba. Balozi hutazama daftari lake na kumpa namba isiyo na mwenyewe. Mgeni akikosa balozi, hujipachika mwenyewe anwani inayoanza na 169.254. Dalili hii ni muhimu sana kwa mwalimu anayetafuta hitilafu: akiona kompyuta mpakato yake ina anwani ya 169.254, basi ajue kwamba ombi lake la anwani halikujibiwa. Mara nyingi wimbi limefika, lakini balozi hakuwepo nyumbani.

KUANDAA KADI

Raspberry Pi haina diski. Mfumo wake wa uendeshaji, ambao ni aina ya Linux, hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu. Kadi ya gigabaiti 32 inatosha kwa kazi nyingi za shule. Mfumo huandikwa katika kadi kwa kutumia kompyuta mpakato, kwa programu iitwayo Raspberry Pi Imager, ambayo hutolewa bure. Hatua hii ndiyo pekee inayohitaji intaneti, na ni busara kuifanya mjini. Aina ya mfumo isiyo na madirisha wala picha, iitwayo Lite, ni karibu nusu gigabaiti, nayo ndiyo inayofaa chombo kisicho na skrini.

Kabla ya kuandika kadi, programu hiyo humwuliza mtumiaji kama angependa kuweka mapendekezo yake. Hapa wengi hupita haraka, na baadaye hujuta, kwa maana kompyuta isiyo na skrini haiwezi kuulizwa tena. Mambo ya kujazwa ni haya: jina la kompyuta, mathalani maktaba, jina la mtumiaji, mathalani mwalimu, na nenosiri lake, jina na nenosiri la mtandao wa waifai ambao kompyuta itajiunga nao mara itakapowashwa, na nchi, ambayo kwa Tanzania huandikwa TZ. Mwisho, sharti iwekwe alama ya kuruhusu SSH, yaani njia ya kuingia katika kompyuta kutoka kompyuta nyingine kwa maandishi yaliyofichwa.

Suala la nchi huonekana kama urasimu, nalo silo. Kila taifa lina sheria zake kuhusu chaneli na nguvu zinazoruhusiwa. Nchini Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003. Raspberry Pi ambayo haijaambiwa iko nchi gani huweza kuifunga redio yake isirushe chochote. Mtu aliyesahau herufi hizo mbili aweza kupoteza siku nzima akidhani bamba limeungua.

KUINGIA MARA YA KWANZA

Mtandao wa kwanza hutoka wapi katika shule isiyo na waifai? Simu ya mwalimu yatosha. Simu nyingi za kisasa zaweza kufanywa kituo cha waifai, nazo hufanya kazi hiyo hata bando likiwa limekwisha, maadam kinachotakiwa ni vyombo vya darasani kuonana vyenyewe. Kompyuta mpakato na Raspberry Pi vyote viwili hujiunga na simu, na simu huwa balozi wao. Tahadhari moja: Raspberry Pi 3 ya kwanza pamoja na ile ndogo iitwayo Zero W husikia ukanda wa gigahezi 2.4 tu. Simu mpya zikiachwa zijichagulie huweza kurusha katika gigahezi 5, na hapo kompyuta mpakato itaunganika vizuri kabisa wakati bamba limekaa kimya kama kiziwi. Katika mipangilio ya simu ichaguliwe 2.4.

Bamba huwashwa kwa kuchomekwa umeme wa volti 5. Lisitumiwe chaja dhaifu wala waya mwembamba mrefu. Raspberry Pi 3 huhitaji chaja iwezayo kutoa ampea 2.5, na volti zikishuka chini ya 4.63 taa nyekundu huzimika au hupepesa. Katika hali hiyo redio ndiyo miongoni mwa vitu vya kwanza kuleta ukorofi. Uwashaji wa kwanza huchukua dakika chache, kwani mfumo hupanga kadi yake upya. Asiye na subira huchomoa waya katikati na kuiharibu kadi.

Kisha, katika dirisha la amri la kompyuta mpakato, huandikwa:

ssh mwalimu@maktaba.local

Neno local mwishoni ni namna ya kuita kwa sauti mtandaoni: aliye na jina la maktaba na aitike. Asipoitika mtu, simu hutazamwa, kwani huonyesha orodha ya vyombo vilivyojiunga, na aghalabu anwani ya kila kimoja. Anwani hiyo hutumika mahali pa jina. Mara ya kwanza kompyuta huuliza kama chombo hicho kinaaminika, hujibiwa yes. Nenosiri huombwa, na hapa wanafunzi hushtuka, maana wanapolichapa hakuna herufi wala nyota inayotokea. Kibodi haijafa. Mfumo unaficha hata idadi ya herufi, ili mwenye kuchungulia begani asipate kuhesabu.

Mstari mpya ukitokea wenye jina mwalimu@maktaba, kazi ngumu imekwisha. Kila kinachochapwa sasa hutendeka katika bamba lililo juu ya kabati, si katika kompyuta mpakato. Ni vema mwalimu aliweke jambo hili wazi kwa darasa, kwa mfano kwa kuuliza kila kompyuta jina lake kwa amri ya hostname, maana skrini ni moja na mashine ni mbili, na amri ya kufuta iliyokusudiwa huku yaweza kutendeka kule.

KOMPYUTA NDOGO KUWA KITUO CHENYEWE

Simu ya mwalimu haiwezi kubaki darasani daima. Hatua inayofuata ni kulifanya bamba lenyewe liwe kituo cha waifai na balozi wa anwani. Katika mifumo ya Raspberry Pi iliyotolewa tangu Oktoba 2023, kazi hii ambayo zamani ilihitaji kuhariri mafaili kadhaa imekuwa ya mstari mmoja. Mstari huo usomwe wote hadi mwisho wa aya inayofuata kabla haujachapwa:

sudo nmcli device wifi hotspot con-name maktaba ssid MAKTABA band bg channel 6 password "nenosiri-jipya"

Mara tu amri hii inapopokewa, mazungumzo hukatika. Hili si kosa. Redio ya bamba ilikuwa imejiunga na simu. Sasa imeacha simu na kuanza kurusha mtandao wake yenyewe, kwa hiyo daraja ambalo amri ilipitia limeondolewa. Ni kama mtu aliyekaa kwenye tawi na kulikata, isipokuwa kwamba hapa tawi jingine limekwisha kuota. Kompyuta mpakato ikitafuta mitandao itaona jina MAKTABA. Ikijiunga itapewa anwani, na bamba lenyewe kwa kawaida hujitwalia 10.42.0.1. Mwalimu huingia tena:

ssh mwalimu@10.42.0.1

Imebaki amri moja, ambayo ikisahauliwa kituo kitatoweka siku umeme utakapokatika:

sudo nmcli connection modify maktaba connection.autoconnect yes connection.autoconnect-priority 10

Amri hii hulieleza bamba kwamba kila linapowashwa lirudi kuwa kituo, na kwamba kazi hiyo itangulie kuliko kujiunga na simu.

Mafaili hupelekwa kutoka kompyuta mpakato kwa amri ya scp, ambayo hutumia njia ileile ya SSH. Yakiwa yamekusanywa katika folda moja, na mwalimu akiwa ndani ya folda hiyo, amri ya

python3 -m http.server 8000

hufanya folda nzima isomeke katika kivinjari cha chombo chochote kilichojiunga, kwa anwani ya http://10.42.0.1:8000. Kwa kuanzia inatosha. Shule itakayotaka maktaba kubwa yaweza baadaye kuweka programu ya Kiwix, inayohifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, bila kuhitaji intaneti. Vishikwambi na simu vitaonya kwamba mtandao huu hauna intaneti, na vingine vitajaribu kuuacha. Onyo ni la kweli; litupwe tu kando na chombo kiamriwe kubaki.

Darasa lisitarajie miujiza. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Ikichukuliwa kasi halisi ya megabiti 20, kitabu cha megabaiti 40 ni megabiti 320, nacho kitachukua sekunde 16. Wanafunzi kumi wakikipakua kwa wakati mmoja watagawana hewa ileile, na kila mmoja atangoja angalau sekunde 160. Hali kadhalika redio iliyomo katika bamba haikuundwa kwa umati; yafaa kupanga vyombo visivyozidi kumi. Wanafunzi 45 wagawanywe katika vikundi vya watano watano, kila kikundi chombo kimoja, na hesabu hutimia: vyombo tisa.

NENOSIRI

Nenosiri la waifai lazima liwe na herufi 8 hadi 63. Lililo la tarakimu nane tupu lina uwezekano milioni 100, idadi ambayo kwa mashine si kitu. Lililo la herufi ndogo nane lina uwezekano wa karibu bilioni 209. Na mwalimu atumiaye tarehe yake ya kuzaliwa amechagua miongoni mwa siku zipatazo 18,250 za miaka hamsini. Mwanafunzi mwenye kompyuta na alasiri moja atazimaliza. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yaliyoungwa pamoja, hukumbukika upesi na hukisiwa kwa shida.

Nenosiri la waifai litajulikana kwa darasa zima, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa sababu hiyo lisifanane hata kidogo na lile la mtumiaji mwalimu, ambalo hufungua kompyuta yenyewe. Hadi Aprili 2022 kila Raspberry Pi ilitoka na mtumiaji pi na nenosiri raspberry, siri iliyojulikana duniani kote. Kadi za zamani zinazopitishwa mkono kwa mkono bado huwa nalo, nalo libadilishwe kabla ya jambo lolote. Tena alama za mitihani na orodha za majina ya wanafunzi zisiwekwe kabisa katika chombo hiki. Hizo ni taarifa za watu, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kisanduku kilicho wazi kwa wanafunzi wote si mahali pake.

UMEME NA SAA

Raspberry Pi 3 ikifanya kazi nyepesi hutumia mkondo wa karibu nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. Beteri ya volti 12 na saa-ampea 7, kama zile za taa za dharura, ina wati-saa 84. Beteri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 42. Na kifaa kinachoshusha volti 12 kuwa 5 hupoteza kiasi cha asilimia 15, hivyo zinafika wati-saa 35.7. Zikigawanywa kwa 2.5 hupatikana saa 14 na ushei. Siku nzima ya masomo na mtaala wa jioni humo zimo. Umeme usichomolewe hivi hivi. Kwanza huandikwa sudo poweroff, taa ya kijani hutulia, ndipo waya hutolewa.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita. Aina za Raspberry Pi zilizotangulia ile ya 5 hazina saa inayoendelea kutembea zinapozimwa. Zikiwa na intaneti huuliza saa huko. Zisipokuwa nayo huendelea kuhesabu kuanzia mara ya mwisho zilipokuwa hai. Bamba lililozimwa Ijumaa saa 10 jioni na kuwashwa Jumatatu asubuhi litaamini kuwa bado ni Ijumaa jioni. Kwa kusoma vitabu hakuna hasara. Lakini shule ikiamua, kama inavyostahili, kuunganisha kipimajoto na kuandika halijoto ya bonde la Rukwa kila saa, vipimo vyote vitakuwa na tarehe za uongo, na uongo huo hautaonekana katika tarakimu zenyewe. Nyuzi 34 ni nyuzi 34. Hakuna atakayejua kuwa zilipimwa zaidi ya siku mbili baadaye. Dawa ni saa ndogo yenye beteri yake, kama ile iitwayo DS3231, inayochomekwa katika pini za bamba. Penye kukosekana hiyo, mwalimu wa zamu aiweke saa kwa amri ya sudo date -s kila asubuhi, na aandike katika daftari kwamba ameiweka.

JARIBIO LA UWANJANI

Vifaa: bamba lililo kwenye meza nje, kompyuta mpakato ya Windows, na kamba iliyopimwa mita 80. Kompyuta ijiunge na MAKTABA, kisha katika dirisha la amri iandikwe netsh wlan show interfaces. Kati ya mistari itakayotokea umo uitwao Signal, unaotoa nguvu ya wimbi kwa asilimia. Katika kipimo hiki 100 ni sawa na desibeli -50 za miliwati, na 0 ni sawa na desibeli -100, kwa hiyo asilimia 2 ni desibeli 1.

Nadharia yasema kwamba umbali ukiongezwa mara mbili, nguvu inayopokewa hushuka hadi robo, yaani desibeli 6, au asilimia 12 za kipimo hiki. Wanafunzi wasome katika mita 20, 40 na 80, mara tano kila mahali, na watafute wastani. Ikiwa mita 40 zilitoa 80, mita 80 zatarajiwa kutoa 68. Haitakuwa hivyo barabara, kwani wimbi jingine hudunda ardhini na kukutana na lile lililokwenda moja kwa moja. Kisha mwanafunzi mmoja asimame kati ya bamba na kompyuta, na tofauti iandikwe. Mwili wa binadamu una maji mengi, nayo hunyonya mawimbi haya. Kisha bamba lifunikwe kwa debe la bati. Baada ya hapo darasa halitahitaji kuambiwa kwa nini kituo huwekwa juu, kwenye kasha la mbao au plastiki, mbali na kabati la chuma.

Maswali

1. Wimbi la waifai ya gigahezi 5.2 lina urefu gani? Antena yake ya robo wimbi iwe na urefu gani?

2. Mtandao wa 10.42.0 una anwani 256, ambapo ya kwanza na ya mwisho hazigawiwi, na moja ni ya bamba. Zinabaki ngapi kwa wageni? Kwa nini idadi hiyo si kipimo cha vyombo ambavyo bamba laweza kuvihudumia?

3. Kompyuta inapokea desibeli -80 za miliwati. Hiyo ni sehemu ya ngapi ya miliwati moja? Ikiwa bamba lilirusha miliwati 50, ni sehemu gani ya nguvu hiyo iliyofika?

4. Shule ina paneli ya jua ya wati 20, na jua kali hudumu saa 5 kwa siku. Je, yatosha kuendesha mabamba mawili ya wati 2.5 usiku na mchana, upotevu ukichukuliwa kuwa asilimia 30?

Majibu: (1) sentimita 5.8, sentimita 1.4. (2) 253, kwa sababu kikomo cha redio hufika kabla ya kikomo cha anwani. (3) sehemu moja ya milioni 100. Sehemu moja ya bilioni 5. (4) La, zinapatikana wati-saa 70 na zinahitajika 120.